Mchongaji Asianze Kwanza

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kabla ya yote naomba radhi. Tangu uniombe nikuandikie nimekuwa nikisema kesho, kesho, mpaka kesho zenyewe zimenichoka. Sina kisingizio. Mtoto ni mtoto na kazi ni kazi, lakini hata mwenye mtoto hakosi nafasi ya kushika kalamu akitaka. Mimi nilikuwa naogopa, na sababu utaiona huko mbele.

Mguu unaendeleaje, umepungua kuvimba? Baba mdogo ameniambia kwa simu kwamba umeanza tena kukaa kibarazani asubuhi, nikashukuru. Ameniambia pia kwamba umemkatalia kila mtu asiguse chumba cha kazi cha Baba. Hapo tuko pamoja. Wasubiri.

Sisi huku hatujambo. Mjukuu wako Bonge sasa anakaa mwenyewe, na meno ya chini yameshachomoza. Anang'ata kila kitu, mimi nikiwemo. Baba yake anasema huyu amerithi ukaidi wa babu yake, maana ukimnyima kijiko anakutazama kama fundi anavyomtazama mteja aliyeharibu cherehani mwenyewe halafu akasingizia mashine. Nilicheka, kisha nikajifanya nakwenda kuangalia sufuria, nikalia kidogo jikoni. Kidonda cha upasuaji kimepona. Mgongo ndio bado una maneno yake.

Uliwahi kuniuliza kazi yangu hasa ni nini, nikakujibu ni kuchapa, basi. Ngoja nikueleze vizuri, kwa kuwa habari yote imeanzia huko. Ofisi yetu ni ya bima ya maisha. Mtu akifariki familia inatuandikia, na sisi wa chumba cha majibu tunawajibu: poleni, leteni cheti, subirini, malipo yenu yako tayari. Ni maneno yaleyale kutwa nzima. Ukifika nyumbani vidole vinakataa hata kufunga kifungo cha nguo ya mtoto.

Nilipokuwa na mimba kubwa, meneja alisema zipo programu za kurahisisha uchapaji. Unaandika herufi mbili tatu tu, yenyewe inazifungua zinakuwa aya nzima uliyoiweka mapema. Akanipa mimi kazi ya kuzijaribu na kuchagua moja, akisema kwa tumbo lile sikuwa na haraka ya kwenda popote. Nikazijaribu tatu. Ya kwanza ilikuwa nyepesi, tena ya bure, lakini iliishi kwenye kompyuta ya ofisini tu. Ukinyanyuka mezani umeiacha. Ya pili ilikuwa na madoido mengi, ila ilipeleka kila tulichoandika kwa wenyewe walioitengeneza, nami sikupenda misiba ya watu isomwe na wasiohusika. Ya tatu ilikuwa nzito kidogo kufunguka, lakini ofisi nzima ingetumia ghala moja la maneno, na ghala hilo lingekufuata mpaka kwenye simu yako. Jirani yangu wa meza, tunayemwita Mwendokasi kwa jinsi anavyochapa, alichoka kunisubiri, akaniuliza mbele ya watu kama nachagua programu au nachagua mume. Nikamwambia mume nilimchagua haraka kuliko hivi, ndiyo maana sasa nimejifunza. Chumba kizima kikacheka.

Nikachagua ile ya tatu, Mama, kwa ajili ya simu. Niliona nikijifungua nitamshika mtoto kwa mkono huu na kujibu barua kwa mkono ule, kazi isinitoke. Ningechukua ile ya kwanza, leo nisingekuwa na la kukuungamia.

Unajua Baba alivyotutoka. Mimi nilikuwa nimelazwa, nimeshonwa, Bonge bado mwekundu kama kidonda. Baba mdogo alipiga, akakupa simu, ukashindwa kusema, nami nikashindwa. Shangazi akaichukua simu. Daktari akakataa katakata nisisafiri. Nikabaki kitandani na simu mkononi, nikijua lazima nikuandikie kitu, maana binti yenu ni mimi peke yangu.

Jioni ile ukapata ujumbe wangu. Umeshauhifadhi kichwani, sina haja ya kukukumbusha. Uliniambia ulimsomea shangazi akavua miwani, na kwamba asubuhi ambazo mwili ulikataa kuamka uliusoma kwanza ndipo ukakanyaga chini. Ukasema hukujua kwamba mwanao ana maneno mazito namna ile. Kila uliponiambia hivyo nilikujibu asante Mama, kisha nikabadilisha mazungumzo.

Sasa baba mdogo amepiga tena. Anasema mmekubaliana kwamba maneno yale ndiyo yachongwe kwenye jiwe la kaburi la Baba. Jiwe limeshalainishwa uso, mchongaji anasubiri tu niyaandike kwa mkono wangu ili asikosee hata nukta. Akaongeza kwa kicheko kwamba mchongaji alipoyasikia alikuna kichwa, akasema mbona kama ameshawahi kuyachonga, kwenye kaburi la mwalimu mmoja, na wewe ukamjibu kwamba maneno mazuri hupita vinywa vingi. Baada ya simu ile nilikaa kwenye ngazi ya nje na Bonge mapajani, nikashindwa kuingia ndani kwangu.

Mama, maneno yale si yangu. Ni ya ofisi. Aliyeyatunga simjui, aliacha kazi kabla sijaajiriwa. Siku ile hospitalini niliandika zile herufi tatu ambazo vidole vimezizoea, na aya yote ikafunguka yenyewe: "Hakuna kauli inayoweza kuziba pengo aliloliacha mpendwa wenu. Aliishi kwa ajili ya wengine, na nuru aliyoiwasha haitazimika kamwe." Hadi hapo unaweza kusema ni mazoea. Lakini niliisoma. Nikaiona nzuri, nzuri kuliko chochote ambacho ningekitoa mwenyewe siku ile, nikafuta "mpendwa wenu," nikaweka "Baba," nikatuma. Kisha nikalala usingizi. Na hao watu wa mwalimu, huenda waliyapata kwangu mimi huyuhuyu.

Nisamehe. Najua utasema haidhuru mwanangu, ndivyo ulivyo. Safari hii usiseme. Inadhuru. Ulikuwa unaamkia maneno ambayo nimewatumia watu nisiowajua hata sura.

Na hapa uniwie radhi, nitasema kwa ukali kidogo: yasichongwe. Mwambie mchongaji asianze kwanza. Baba hakuwasha nuru yoyote, Mama. Baba alikuwa anazima taa ya chumba cha kazi na wewe uko ndani unatafuta sindano. Na hao wengine aliishi nao kwa masharti, akiwaambia usoni kwamba cherehani haina kosa, kosa ni mguu wako. Lakini hakuna mashine iliyovuka mlango wake kabla hajaishonea mstari kwenye kile kitambaa chake kirefu cha kujaribia. Mimi ndiye niliyekuwa nakishika upande wa pili kisijikunje. Siku moja nilimuuliza kwa nini anaijaribu hii wakati ametoka kuijaribu ya jirani, na ni aina ileile. Akanijibu bila kuinua kichwa kwamba kila moja ina mguno wake, ukishonea nyingine hujaijua hii.

Hayo ndiyo yangu. Bado sijui yatakaaje kwenye jiwe. Nipe muda, nitayaandika kwa kalamu kama hivi, na nikikosea nitakata nianze upya. Ile programu nimeiondoa kwenye simu. Ofisini nimeiacha, ndiyo inayotulisha.

Nisalimie shangazi, umwombe asinihukumu kabla hajaniona. Baba mdogo mweleze ukweli wote, hata akinicheka. Bonge anakusalimu kwa mate, ameshalowesha pembe ya karatasi hii.

Shemeji anayekuletea barua atapumzika hapo kidogo kisha atarudi huku. Naomba umpe vitu hivi: lile shuka lako la zamani, laini, la kumbebea Bonge, maana haya ya dukani yanateleza, kipimo cha uso wa jiwe, urefu na upana, na mchongaji aseme ni mistari mingapi inaenea, bisibisi ya Baba yenye mpini uliozungushiwa uzi, na kile kitambaa cha kujaribia, kiko nyuma ya mlango wa chumba chake kama hakuna aliyekigusa. Usikifue, Mama, wala usikate nyuzi zinazoning'inia.

Ni mimi mwanao,
Mama Bonge