Audio Yako Ilifika, Tonton

Kisangani, commune ya Tshopo
Tarehe 4 mwezi wa tatu 2024

Mupendwa Tonton Octave,

Jambo sana. Habari ya Bruxelles na baridi yake? Tantine Emilie amepona mugongo? Watoto wanasoma vizuri? Sisi huku tunapumua, afya ya mwili iko. Ya moyo usiulize, nitakuambia mwenyewe.

Ninakuandikia kwa karatasi sababu audio za simu zinasikilizwa na kila mutu. Soeur Dominique, mutawa wa paroisse yetu, anasafiri huko juma hili, atakupa barua hii mukononi. Uisome peke yako, tafadhali.

Unajua Joëlle wangu alikufa tarehe 17 ya mwezi wa kwanza. Homa siku mbili, kisha degedege, na damu ikakosekana. Miaka minne tu. Siku ya kwanza nilimupa paracétamol nikaenda zangu shuleni kufundisha, nikisema homa itashuka. Hilo ndilo ninalolala nalo na kuamuka nalo.

Mazishi hayajatimiza mwezi, dada ya bwana yangu Lambert akatuletea nabii wa chumba chao cha maombi. Yule nabii akazunguka nyumba, akanusa-nusa, akasema ndoki, muchawi aliyekula mutoto, analala humu humu: mwanamuke muzee ambaye hakuzaa. Bon, katika nyumba yetu huyo ni nani? Mama Berthe, dada yako, aliyenilea tangu mama yangu afe, na aliyekulea wewe kabla yangu.

Alors, wakasema hawawezi kumugusa wala kumutoa nyumbani bila neno la noko, mujomba wa ukoo. Noko ni wewe, kaka yake wa tumbo moja. Lambert akakuandikia. Tuliketi watu kumi na wawili salon, Mama Berthe pia, na pondu aliyowapikia wageni iko bado mezani. Audio yako ikafika. Dakika moja na sekunde kumi, Tonton! Ulisema: kama nabii amesema, mumutoe, mimi sitaki shida, niko kazini. Ukamaliza na “courage”.

Nikabaki mimi. Nabii alisema mama wa mutoto lazima akubali. Hakuomba hata nifungue kinywa, niitike tu kwa kichwa.

Nitakuambia ukweli: nilitaka. Nilitaka sana, Mungu wangu! Ningeitika, ile paracétamol ingetoka shingoni mwangu. Kifo kingepata mwenyewe, na mimi ningelia kama wamama wengine. Kichwa kilianza kushuka, naapa. Si uhodari ulionizuia. Ninaamini Joëlle atafufuka, basi. Na siku ile ataniuliza lile aliloniuliza juu ya Mama Berthe kila akitoka shule ya maternelle: Koko iko wapi? Nitamujibu nini? Nikasema hapana, malaria ndiyo ilimuua mutoto wangu, na mimi nilichelewa. Nilisema kwa sauti, mbele ya wakwe wote.

Nabii akasema sina imani. Lambert amehamia kwa dada yake kule Mangobo. Alibeba nguo zake na picha ya Joëlle, ile moja tuliyotia kadre ya kioo. Watu wa kwaya yangu, niliyoimba nao miaka tisa, wanavuka barabara wakituona. Eti tunafuga ndoki.

Usifikiri ninacheza kwa furaha ya ushindi. Kwaresima hii ninasali kwa hasira. Padri anahubiri tumaini, na mimi ninajiuliza kama amewahi kuzika. Hata hivyo tumaini sijaliacha. Ni chungu kama quinine, ninalimeza hivyo hivyo kila asubuhi.

Na jaribu halijaisha. Jaribu ni wewe. Katika Baba Yetu nikifika pale pa kuwasamehe waliotukosea, ninanyamaza, ninangoja wengine wapite, kisha ninaingia tena. Ni juma la tatu sasa. Sura yako inakuja, na ulimi unakataa. Nimeona haya kukuandikia hili, maana wewe ni mukubwa wangu, lakini ndivyo ilivyo.

Sasa sikiliza. Samedi tarehe 23, siku moja kabla ya Jumapili ya Matawi, wakwe wanarudi. Wanasema noko alishatoa neno, donc watamutoa nipende nisipende. Miaka sabini na miwili, aende wapi? Neno la noko linafutwa na noko peke yake. Tuma audio nyingine. Mutaje jina lake, useme ni dada yako na abaki nyumbani mwake. Na usiniambie tena uko kazini.

Musalimie sana Tantine Emilie na watoto. Papa Ismaël, jirani yetu mwislamu wa kutoka Kindu, anakusalimia. Katika avenue nzima ni yeye tu anayekuja bado kuketi na Mama Berthe, na sukari yake ndani ya sachet ya plastiki.

Mama Berthe naye anakusalimia. Siku ile audio ilipoisha, sisi wote tukimuangalia, aliuliza kitu kimoja tu: Octave iko anakohoa? Anasema sauti yako ilikuwa kavu. Anakuomba uvae vizuri kifuani.

Mungu akulinde, na akuamushe.

Wako, anayejitahidi bado kukupenda,
Pélagie