Mizani ya Ardis

Lewistown, Montana
Septemba, wiki ya baridi ya kwanza

Shemeji yangu Lyle, kijana wa zamani,

Salamu nyingi zikufikie, wewe na hilo goti lako la chuma. Je, u mzima? Wauguzi wanakulisha chakula huko Arizona, au ni jua asubuhi na jua jioni? Mimi ni mzima isipokuwa bega la kulia. Bega hilo ndilo lililonikalisha mezani kuandika, kazi ambayo unajua mwalimu alikwisha kunisamehe tangu tuko wadogo.

Ujue kwanza kwamba risasi alizotujazia dada yako Ardis zinakaribia kwisha. Tangu tumzike nimezitumia kwa ubahili, na msimu wa kuwinda uliopita nilipofungua sanduku nikakuta zimebaki mbili. Nikalifunga upesi. Nikipiga hizi, nikajiambia, Ardis hatakuwa nami tena mlimani. Za dukani sizitaki. Ni kama kula keki ya dukani mbele ya picha yake. Basi nikaamua nijifunze kujaza mwenyewe, zitoke kama zake.

Unakikumbuka kile chumba chake cha akiba nyuma ya jiko? Mitungi ya bitiruti za siki upande huu, makopo ya baruti upande ule, na mtambo wake wa mkono wa kujazia risasi umekazwa mezani kwa skrubu. Alikuwa akiuvuta kama anayepampu maji, huku akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti mbaya kuliko yako. Kile kipipa cha kung'arishia maganda ya shaba kilikuwa kikizunguka mchana kutwa, na kelele yake ndiyo iliyonibembeleza usingizi. Lakini akianza kupima baruti, hakuna ruhusa ya kumsemesha. Siku moja nilimwambia nyumba inaungua. Akasema ingoje.

Nilimwita jirani Norm Skaar anifundishe. Aliingia akaninyang'anya sigara, akazima redio, kisha akaniambia na mdomo niuzime. Kazi yenyewe, alisema, si ndefu: ganda lililokwisha kupigwa unalisafisha, unalirudisha umbo lake, unalitia fataki mpya kitakoni, unalimiminia baruti iliyopimwa, mwisho unalipachika kichwa cha risasi mdomoni. Kinachoumiza watu ni haraka na ubishi, na mimi ninavyo vyote viwili. Nikamwambia ubishi sina. Akasema ndio huo.

Kitabu cha vipimo vya baruti kinatoa kipimo cha chini na kipimo cha juu, na Norm akasisitiza kwamba mwanafunzi huanzia chini. Nikamuuliza, mzee mzima kama mimi nianzie chini kama mtoto wa chekechea? Akanijibu kwamba nisiwe na wasiwasi, chini ndiko ninakoelekea.

Alipoenda zake nikapandisha baruti hadi kipimo cha katikati. Nilikuwa na hakika dada yako hakuwa mtu wa kunijazia risasi za kitoto. Kesho yake tukaenda kule bondeni kulenga shabaha. Lyle, bunduki ilinipiga teke nikaketi juu ya mibigili! Norm alicheka hadi kofia ikamwanguka. Bega, lile lile alilolishona daktari, likawaka moto. Nikafoka kwamba mizani ya Norm ni mbovu. Akanikumbusha kwamba mizani ni ya Ardis.

Basi nikafanya jambo nililoapa kutolifanya. Nikachukua moja ya zile mbili, nikaing'oa kichwa kwa nyundo yake ya kung'olea, nikaimwaga baruti juu ya mizani, taratibu kama nampima yeye mwenyewe. Ilikuwa baruti ile ile, na kipimo kilikuwa cha chini kabisa, mstari wa kwanza wa kitabu. Norm aliinama akatazama, akavua kofia.

Hapo nikayakumbuka masanduku yetu, langu na lako lenye tone la rangi nyekundu ya kucha. Ardis alivyokuwa akikuchapa mkono ukigusa langu! Alisema kila bunduki ina risasi zake. Bunduki zetu, shemeji, ni pacha, tulizinunua duka moja! Na mimi, tangu bega lishonwe na daktari anikataze kuwinda, nilikuwa nikizunguka mji mzima nikijigamba kwamba sihisi kitu, na wewe nikakubandika jina la Fumbamacho, kwa kuwa ulifumba macho kabla ya kufyatua. Kumbe wewe ulikuwa unapigwa mateke ya punda, mimi nabembelezwa.

Nawe ulijua. Mwaka ule uliiba risasi yangu moja, ukapiga, ukaitazama bunduki, kisha ukamtazama Ardis aliyekuwa akimimina kahawa. Alitikisa kichwa kidogo tu. Nikadhani anakukatalia sukari. Ukaniacha nikuite Fumbamacho hadi tukamzika.

Haya, jina nalichukua mwenyewe. Nimejaza masanduku mawili, langu na lako, yote mstari wa kwanza, maana goti na bega ni ndugu. Najua mtu mwenye akili hapigi risasi iliyojazwa na mtu mwingine. Lakini sisi tulipiga za Ardis miaka yote bila kuuliza. Njoo kabla theluji haijafunga barabara, upige zangu. Ile moja ya mwisho iko dirishani jikoni, kando ya miwani yake. Hiyo haipigwi.

Wasalimie wauguzi wako, uwaambie wasikuamini. Norm anakusalimu, na bega pia.

Mimi shemeji yako,
Virgil Tollefson, Fumbamacho