Picha ya Pili

6 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za siku nyingi? Sisi wazima. Mjukuu wako ameota meno na sasa anauma kila mtu bila ubaguzi. Mkono unaendeleaje?

Baba, jana tulikusubiri chumba cha mashine hadi mchana. Hukuja, na simu hukupokea. Nilikueleza: tunapiga picha ya ubongo mara tu baada ya kiharusi, kisha miezi mitatu baadaye, kisha tena, tuone sehemu iliyobaki nzima inavyojipanga upya mkono unapoamka. Picha moja peke yake haituambii kitu, na mtaalamu wa mazoezi anaingoja yako ajue akupangie nini. Mara ya kwanza nilimwomba hata mume wangu, kwa kuwa naye ni mpiga picha hapa hapa, akushughulikie yeye, usiwe mikononi mwa wageni. Umeniaibisha kwa wenzangu.

Mwanao

20 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Kimya chako nimekiona. Nasikia umeanza kushika mkasi, basi miguu ya kuja hospitali imekwenda wapi? Fundi cherehani mzima anaogopa kulala chali! Kama hutaki kupona, sema, nafasi apewe mwingine.

Mwanao

2 Aprili

Mama,

Marahaba. Sijambo, namshukuru Mungu. Naandika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo ukiona kama kuku kapita kwenye karatasi, ni mimi. Kwenye simu ulimi bado mzito, na haya nisingeyatamka hata ungekuwa mwepesi.

Siku ya picha ya kwanza nilijikojolea mle ndani. Walinipa kipira cha kuminya nikitaka kuita, nami kwa mazoea nikakishika mkono wa kulia. Mkono haukuminya. Aliyenitoa ni mkwe wangu. Akanivua, akaniosha, akanivalisha. Mkwe, mama, mtu ambaye mbele yake hata kikohozi nilikuwa nakimeza. Wanasema ukivuliwa nguo, chutama. Mimi hata kuchutama sikuweza.

Mlipokuja kunisalimia nilijifanya nimelala. Najua amekusimulia. Naona aibu hata kukuandikia.

Baba yako

5 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma chooni kazini, nikalia. Nimekusimanga na wewe una mzigo huu peke yako. Nisamehe, baba. Naona haya.

Hakunisimulia. Jana nilimwuliza siku ile ilikwendaje. Akasema vizuri, mzee alitulia. Nikamwambia baba ameniandikia kila kitu. Akaendelea kukata vitunguu, kisha akasema, "Mzee anachanganya. Siku ile sikuwa zamu."

Baba, jina lake liko kwenye picha yako. Tangu anioe hajawahi kunidanganya.

Nimekuombea nafasi Jumatatu, na nimemtafuta mtu mwingine wa kukuhudumia.

Mwanao

9 Aprili

Mama,

Marahaba. Nimeshakusamehe, usilie tena kazini.

Jumatatu nitakuja. Huyo mtu mwingine mwache aendelee na shughuli zake, namtaka mkwe wangu. Na akisema hayupo zamu, mwambie nitakaa pale nje nimsubiri.

Baba yako