Stesheni Ipi Ina Sauti Safi

Jumanne, Oktoba 1997

Kwangu zote mbili zilikuwa sawa, na hilo ndilo linalonitisha.

Wakati wa chai Ambani wa masjala aliweka redio yake juu ya kabati la mafaili, akawa anahama kutoka stesheni ya zamani hadi ile mpya ya FM. Muziki huku, muziki kule, na ofisi nzima ikibishana ipi ina sauti safi.

"Wewe ndiye msomi. Amua!" wakaniambia.

Nikataja ya zamani. Walicheka mpaka chai ikamwagika. Kumbe ilikuwa inakwaruza vibaya sana.

"Hata ingokho ya mama, kuku tu, na haijaenda shule, ingekuzidi!" Ambani akasema.

Nilicheka nao. Tangu zile sindano za kwinini nilizodungwa kwa malaria, masikio yangu... Barua ya kuthibitishwa kazini bado haijatoka, na karani asiyesikia anachoagizwa, nani atamweka?

Jioni Mama Ayuma, mpiga chapa wetu, alinisubiri nje. Miezi hii yote amenikera kwa kurudia kwa sauti kubwa kila neno la bosi, kana kwamba mimi ni mtoto wa nasari.

"Kesho twende hospitali waangalie hayo masikio," alisema.

"Mama, umejua tangu lini?"

"Tangu Agosti. Kwani ulidhani napigianga ukuta kelele?"

"Na bosi?"

"Nimemwambia mgonjwa ni mimi. Wewe unanisindikiza."