Jini wa Daftari la Sikuzani

Sikuzani mjukuu wangu,

Mimi ni mzima, na hasira zangu nazo ni nzima. Umekwenda Kigali kusoma, ukaacha daftari lako juu ya kabati hapa Buyenzi! Mama yake Karimu alipokuja kukuposea mwanawe, akalifungua akasoma: «Nimekaa siku nne na mfalme wa mwezini. Aliponiacha nililia. Nampa tisa juu ya kumi.»

Akapiga kelele: «Apana! Huyu mutoto ana jini mahaba!»

Mi shule niliacha la pili, nikaamini. Nikaita shehe, tukachoma ubani, nikachinja jogoo wa sadaka. Shehe akapekua daftari, akacheka: «Bibi, haya ni mambo ya vitabu vya kubuni. Kila akimaliza kusoma kimoja, anaandika alivyokiona.» Jogoo alikuwa ameshaiva!

Lakini tangu usikie habari ya posa, hupokei simu yangu. Sijui vitabu, wewe nakujua.

Mama yake Karimu bado hajaambiwa kitu. Jana ameuliza kama jini katoka. Ukimtaka mwanawe, niandikie, jini atatoka siku hiyo hiyo. Usipomtaka, sema bila woga. Jini atabaki, tena nitasema ana wivu sana.

Bibi yako anayekugombeza,
Saliha