Jina la Cheti na Jina la Bibi

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Dastan anaota meno. Usingizi hakuna.
Nimepata kazi ya mapokezi, zahanati ya mtu binafsi hapa Msamala. Karibu nipate. Meneja kaangalia karatasi zangu: kitambulisho cha taifa Kunegunda Ngonyani, cheti cha kidato cha nne Leticia Mbawala. Kauliza huyu Leticia ni nani. Nikasema ni mimi. Basi nilete hati ya kubadili jina Ijumaa kabla hawajafunga, la sivyo nafasi anapewa mwingine.

Jumanne, 7 Oktoba
Kwa wakili, Bwana Pankrasi. Nimemweleza yote. Nilifeli darasa la saba, kurudia hairuhusiwi, mwalimu mkuu akaniweka kwenye nafasi ya Leticia aliyeacha shule, nikarudia kwa jina lake. Mwaka ule tulikuwa sita, kila mmoja na jina la mwenzie. Hakushangaa hata! Kasema watu wa namna yangu anawaona kila wiki. Cheti hakibadiliki, kwa hiyo nibadilike mimi.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimemtafuta Leticia mwenyewe. Yuko hai, siwezi kumchukulia jina kimyakimya. Anauza mitumba sokoni. Aliolewa na Mwislamu wa Tunduru, siku hizi anaitwa Nasrin. Alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka hadi wenzake wakageuka.
"Chukua, mama Dastan. Ungepata ziro ndiyo ningekudai jina langu."
Kisha kauliza hisabati nilipata nini. Nikamwambia D.
"Si haba," kasema. Akaendelea kukunja mashati.

Alhamisi, 9 Oktoba
Bibi. Jina langu ni lake. Yeye huniita somo. Marehemu baba, mwanawe, aliniita "mama" tangu nabebwa mgongoni mpaka anafariki. Mama kanikataza nisimwambie bibi, eti presha. Nimemwambia. Mtu mzima hafichwi.
Hakugomba. Kauliza mshahara unatoka kila mwezi? Nikasema ndiyo.
"Basi nenda, somo. Nitabaki nalo mwenyewe."
Kisha kaniambia ninywe chai, inapoa.

Ijumaa, 10 Oktoba
Naandika nikiwa kwenye benchi, nje ya ofisi ya wakili.
Bwana Pankrasi kanisomea hati. Imeandikwa kwamba jina la Kunegunda naliacha na kulikana kabisa, mimi na kizazi changu. Nikauliza kama hilo la kulikana linaweza kutoka. Kasema, mama, hati zote ndivyo zilivyo, maneno si yangu. Nisaini mara mbili: kwanza jina la zamani, chini yake jipya.
La zamani nimesaini. Mkono ulikwenda wenyewe.
La pili — Dastan akaanza kulia. Nikaomba nitoke nimnyonyeshe.
Meneja kapiga simu mara mbili. Karani kachungulia mlangoni, kasema wanataka kufunga.
Dastan ameshiba zamani, kalala. Bado nimekaa hapa nje.