Mpaka Nikuite

Jumatatu, 3 Machi

Binti yangu chuoni anachunguza jinsi watu wasiojua kitu wanavyojifunza kuiamuru kompyuta. Anatafuta wasiojua. Kanichagua mimi! Mimi niliyeendesha pampu za maji ya mji mzima miaka thelathini na minane, na shule nimeishia darasa la tatu. Nikamwambia, Profesa, umekosea mlango, mimi najua. Akasema, wanaojua kama wewe ndio ninaowatafuta, baba. Kanipa daftari niandike ninachoelewa. Nimemwandikia, nimempa. Hili jingine nimenunua mwenyewe. Humu hachungulii mtu.

Leo kanionyesha: kiasi = kiasi + 1. Nimecheka mpaka mbavu zikauma. Nani aliyewahi kulingana na nafsi yake na mmoja juu? Labda mwenye mimba! Naye akacheka, akaandika. Akasema, hapo si kulingana, baba, ni amri: chukua kilichomo, ongeza moja, rudisha. Basi wangesema hivyo tangu mwanzo! Alama ya uongo hiyo.

Jumatano, 5 Machi

Zoezi la tangi. Kaniwekea karatasi mbele:

Kiasi ni 0. Rudia mpaka kiasi kifike 10: mwaga ndoo moja.

Akauliza, ndoo ngapi zitamwagwa? Hata hajafunga mdomo nimeshajibu — kumi! Akasema hapana, haitaacha kumwaga. Nikasimama. Ananifundisha tangi, mimi! Nilikuwa najua tangi limejaa kwa mlio tu, macho nimefumba.

Akasema, umeiambia wapi kiasi kiongezeke? Nikatazama. Nikavaa miwani, nikatazama tena. Hakuna. Kiasi kimekaa sifuri, ndoo zinakwenda.

Nikasema, hata mpumbavu ataona maji yamefika mlangoni. Akasema, mashine haioni maji, inatazama kiasi, na kiasi hakuna aliyekigusa. Basi itachoka. Haichoki. Basi itaona haya! Haina haya, baba.

Nikasema, mwenye akili zake angejua nilichokusudia. Akaweka kalamu chini. Akasema, haijui ulichokusudia. Inajua ulichosema. Tena akaongeza kwamba wanaoanza karibu wote wanateleza hapo hapo.

Karibu wote! Chai sikuimaliza.

Alhamisi, 6 Machi

Leo sikusoma. Nimesema mgongo unauma. Mgongo hauna lolote.

Ijumaa, 7 Machi

Neno lile limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Mpaka.

Naliandika basi. Mota ya pampu ya pili iliungua katika zamu yangu. Nililala. Mwanangu mkubwa tulikuwa zamu moja. Bosi alipokuja kuuliza, nikasema ni huyu. Naye, mbele ya kituo kizima, akasema: baba alilala. Kweli tupu! Lakini kweli ya mtoto mbele za watu ni kofi. Jioni nikamtolea vitu vyake nje. Nikamwambia, usikanyage hapa mpaka nikuite.

Miaka sita sasa.

Mimi nilikusudia wiki moja. Nilikusudia aje, aombe radhi, nimgombeze kidogo, tule. Nani asiyejua hasira za baba? Hakuja. Nikasema kiburi hicho, katoa wapi? (Katoa wapi!) Nikangoja aje. Kumbe naye anangoja aitwe. Huyu kakaa huku, yule kakaa kule, na kiasi hakuna aliyekigusa.

Mama yao alipofariki, siku ya mazishi mwanangu huyo alisimama ng'ambo ya barabara tangu asubuhi. Kavaa koti, jua lote lile. Jeneza likatoka, hakuvuka. Watu wakanitazama. Nikawaambia, mnaona? Hata kwa mama yake!

Alikuwa hajaitwa. Ningenyanyua mkono tu. Mkono huu huu unaoandika.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemwomba binti namba ya kaka yake. Akauliza, utamwambia nini? Nikasema ni mambo ya wanaume. Akasema, hapana baba, nieleze kwa maneno yako, hatua kwa hatua, kama tulivyofanya kwenye tangi.

Nikamweleza. Nitapiga. Atapokea. Atakuja.

Akasema, umeruka hatua. Umesema wapi kwamba ulikosa?

Nikasema, si atajua tu.

Akanitupia jicho la marehemu mama yake, jicho lenyewe. Akaandika namba, akaweka kikombe juu ya karatasi isipeperuke, akachukua mkoba wake.

Mtoto anamfundisha baba yake kuomba radhi! Dunia imepinduka. Lakini namba nimeikariri, sitazami tena karatasi.

Jumapili, 9 Machi

Saa tatu asubuhi. Nimenyoa ndevu — kwa ajili ya simu!

Nimepiga. Imelia mara mbili tu. Shikamoo, baba. Sauti imekuwa nzito. Na mimi hata sijasema ni nani! Namba yangu anayo, hajaifuta. Marahaba. Habari za huko? Nzuri. Na huko? Nzuri. Wote wazima? Wazima. Basi, maneno yamekwisha hapo.

Akauliza taratibu, kama anayepima kina kwa fimbo: baba, unaniita, au umepiga tu?

Mimi! Ambaye kituo kizima hakuna aliyenishinda kwa kusema! Nikasema, aa, nilibonyeza vibaya.

Akasema, sawa, baba.

Lakini hajakata. Na mimi sijakata. Simu iko hapa mezani, namsikia anavuta pumzi. Nimemwambia, ngoja kidogo, usikate, natafuta kalamu.

Kalamu ninayo mkononi.